Afya ya Askari Iko Mikononi mwa Mkuu wa Zamu

Kwenye ukuta wa karibu kila kituo cha polisi na kila kambi ya zimamoto kuna karatasi inayosomwa kuliko tangazo lolote: rosta ya zamu. Askari akiingia, kabla hajaketi, macho yake yanatafuta jina lake. Mchukulie konstebo aliyepangiwa lindo la benki kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Siku hiyo aliamka alfajiri kwa sababu mtoto anawahi basi la shule. Asubuhi akishuka lindoni anarudisha bunduki ghalani, anakunywa chai ya haraka, anakumbuka kwamba saa tatu ana ushahidi mahakamani katika kesi ya miezi minane iliyopita. Anakaa kwenye benchi la nje akisubiri kuitwa, kofia mapajani, kichwa kikimwanguka kila dakika. Saa sita mchana anaambiwa kesi imeahirishwa. Hadi hapo amekaa macho kwa saa 30 hivi, na jioni ana lindo tena. Hakuna aliyekusudia kumwonea. Aliyepanga malindo hakuitazama orodha ya mahakama.

Tukizungumzia afya ya polisi, askari wa zimamoto, wahudumu wa ambulensi na waokoaji wengine, fikra zetu hukimbilia kwa mwanasaikolojia, kwenye semina ya siku mbili hotelini, au kwenye bango lenye namba ya simu. Vyote hivyo vina nafasi yake. Lakini ninashikilia kwamba mwenye uwezo mkubwa kuliko wote wa kumtunza askari, au kumchosha hadi avunjike, ni mkubwa wake wa karibu: yule anayepanga malindo, anayepitisha au kulikalia ombi la likizo, na anayekuwa wa kwanza kusema naye baada ya tukio baya. Kwa hiyo nimewaandikia masajenti, wakuu wa zamu, wakuu wa vituo na viongozi wa vikosi vya uokoaji. Makamishna na mawaziri wana kazi yao, ila wao hawajui nani hakulala jana. Wewe unajua, au unaweza kujua kwa kumtazama tu usoni wakati wa paredi.

Naanza na usingizi kwa sababu hapo ushahidi ni mwingi na hapo kiongozi mdogo ana mamlaka makubwa. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya jaribio lililo rahisi kueleweka. Waliwapima watu walipokuwa wamekesha, wakawapima tena walipokuwa wamekunywa pombe. Saa 17 bila kulala zilishusha uwezo wa macho na mikono sawa na mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi za Ulaya kinatosha kumzuia mtu kuendesha gari. Saa 24 zikafika sawa na asilimia 0.10. Kwa hesabu hiyo, konstebo wetu anarudi lindoni jioni akiwa katika hali ambayo, kama ingetokana na chupa, angewekwa mahabusu. Hakuna mkuu wa kituo angemkabidhi bunduki askari anayenuka pombe. Aliyekesha tunamkabidhi kila siku, naye anasaini kitabu cha silaha kwa mkono unaotetemeka.

Mwaka 2011 uchunguzi mwingine, uliohusisha karibu askari polisi 5,000 wa Marekani na Kanada, ulionyesha kwamba takriban asilimia 40 yao walikuwa na dalili za tatizo mojawapo la usingizi. Wenye tatizo hilo walikiri zaidi ya wenzao kwamba walifanya makosa makubwa ya kikazi, walisinzia wakiendesha gari, na walishindwa kuzuia hasira mbele ya raia na watuhumiwa. Hilo la mwisho lisomwe mara mbili. Kofi linalopigwa kituoni saa tisa usiku lina sababu nyingi, na halina udhuru, lakini mojawapo ya sababu zake huenda iliandikwa kwenye rosta siku tatu kabla.

Hatua za kuchukua hapa hazidai bajeti. Kabla hujabandika rosta, omba orodha ya mashahidi wa wiki hiyo kutoka kwa waendesha mashtaka, na usimpangie usiku mtu mwenye kesi kesho yake. Zamu zizunguke kwa kusogea mbele, yaani asubuhi, kisha mchana, kisha usiku, maana mwili huchelewa kulala kwa urahisi kuliko unavyowahi kulala. Kati ya zamu moja na nyingine acha mapumziko ya saa 11 kila inapowezekana; hicho ndicho kiwango cha chini katika sheria ya saa za kazi ya Umoja wa Ulaya, na mwili wa mtu wa Tabora hauhitaji pungufu ya hapo. Rosta itoke mapema, wiki mbili ikiwezekana, ili askari ajue lini atampeleka mzazi wake kliniki. Dereva wa ambulensi au gari la zimamoto aruhusiwe kulala dakika 20 usiku wakati hakuna wito, na aruhusiwe waziwazi, asijifiche nyuma ya gari kama mwizi.

Najua jibu linalokuja mara moja: watu hawatoshi. Ni kweli, na mahali pengine askari wachache wanabeba kata nzima. Lakini upungufu wa watu ndio unaofanya upangaji uwe na thamani. Mwenye unga kidogo hupima kwa kikombe. Kituo chenye askari sita kikimpoteza mmoja kwa ajali ya pikipiki alfajiri, au kwa barua ya kuacha kazi, pengo lake litazibwa na wale watano waliokwisha kuchoka, na mwezi unaofuata mwingine ataugua. Anayesema hana watu wa kutosha kuwapumzisha ajihesabie ni wangapi aliwapoteza kwa kutowapumzisha.

Wengi huamini kwamba kinachomvunja askari ni damu na maiti. Matukio hayo huacha kovu, hakuna wa kubisha. Hata hivyo kwa miongo mingi sasa, watafiti wanaowauliza polisi kinachowasumbua wamekuwa wakipata jibu ambalo viongozi hawapendi kulisikia: mzigo unaotoka ndani ya jeshi lenyewe huwaumiza sana, na mara nyingi kuliko ule wa barabarani. Ni upendeleo katika vyeo, uhamisho wa ghafla, karipio mbele ya raia, ombi la ruhusa ya msiba linalojibiwa msiba ukiwa umekwisha. Siku anaapishwa, askari alijua kwamba atakutana na wafu. Hakujua kwamba atahamishwa kutoka Kigoma kwenda Mtwara kwa taarifa ya siku chache huku mtoto akijiandaa kwa mtihani wa darasa la saba. Kwa la kwanza alijipanga moyoni. La pili linamfika kutoka kwa mtu anayempigia saluti.

Ikiwa sehemu kubwa ya maumivu inatoka kwa mkubwa, basi na sehemu kubwa ya dawa inaweza kutoka kwake. Hili limepimwa. Katika jimbo la New South Wales, Australia, wakuu wa vikosi vya zimamoto walipewa mafunzo ya saa nne tu kuhusu afya ya akili: jinsi ya kumtambua mtu anayelemewa, jinsi ya kuanza mazungumzo naye, jinsi ya kuwasiliana naye akiwa nyumbani mgonjwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 katika The Lancet Psychiatry. Katika miezi sita iliyofuata, likizo za ugonjwa zilizotokana na kazi zilipungua kwa askari wa wakuu waliofundishwa, na watafiti wakakadiria kwamba kila senti iliyotumika kwa mafunzo ilirudi karibu mara kumi. Kumbuka kwamba askari wenyewe hawakuguswa. Hawakupelekwa semina wala hawakupewa daktari mpya. Kilichobadilika ni mkubwa wao, naye alibadilika kwa muda usiozidi alasiri moja.

Mfano wa Montreal, Kanada, ni mzito zaidi. Kuanzia mwaka 1997 polisi wa jiji hilo waliendesha mpango wa kuzuia askari kujiua. Askari wote walipewa mafunzo ya nusu siku, wasimamizi na viongozi wa chama cha wafanyakazi wakapewa siku nzima, na laini ya simu ikawekwa, ikipokelewa na polisi wenzao waliojitolea. Katika miaka 12 ya mpango huo, kiwango cha kujiua kilishuka kwa asilimia 79, hadi 6.4 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Katika majeshi mengine ya polisi ya jimbo la Quebec, ambayo hayakuwa na mpango huo, kiwango hakikushuka. Ulinganisho wa namna hii hauwezi kuthibitisha kila kitu, na Montreal ina fedha ambazo Musoma haina. Lakini angalia walioandaliwa zaidi ya wote: si madaktari, ni wasimamizi. Mtu anayekaa na askari zamu tano kwa wiki ndiye anayeona kwamba hacheki tena, kwamba ameanza kugawa vitu vyake, kwamba kila mwisho wa mwezi anakimbizwa na watu wa mikopo ya kausha damu.

Wapo watakaoniambia kwamba haya yote ni kupaka rangi nyumba inayovuja, kwamba tatizo ni mshahara na makazi. Hoja hii ina haki yake. Nchini Kenya kikosi kazi cha Jaji Philip Ransley kilitaja hali mbaya ya makazi na maslahi ya polisi tangu mwaka 2009. Mwaka 2023 kikosi kazi kingine, chini ya Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, kikawasilisha ripoti kuhusu polisi, magereza na huduma ya vijana, na mambo ya maslahi yakawa bado yanadaiwa. Familia mbili zikigawana chumba kimoja kwa pazia, hakuna ushauri nasaha utakaoziba hilo, na kila kiongozi ana wajibu wa kuliandika katika ripoti zake bila kuchoka. Ila mkuu wa zamu asijifiche nyuma ya serikali. Mshahara hauko mikononi mwake. Rosta iko, fomu ya likizo iko, na namna anavyomwita askari mbele ya wenzake iko. Anayesubiri nyumba mpya zijengwe ndipo aanze kuwatendea watu kwa haki ameamua kutoanza.

Nije sasa kwenye saa za kwanza baada ya tukio baya, kwa maana hapa viongozi wengi wema hukosea kwa nia njema. Mwaka 1983 Mmarekani Jeffrey Mitchell, aliyewahi kufanya kazi ya zimamoto na huduma ya dharura, alitangaza utaratibu wa kuwakusanya waokoaji mara baada ya tukio na kumpa kila mmoja nafasi ya kueleza alichoona na alichohisi. Utaratibu ukaenea duniani. Baadaye majaribio yalipokusanywa pamoja, katika mapitio ya Cochrane ya mwaka 2002, kikao kimoja cha namna hiyo hakikuonekana kuzuia kiwewe cha muda mrefu, na kulikuwa na dalili kwamba baadhi ya waliopitishwa waliishia pabaya zaidi. Wengi waliopimwa walikuwa majeruhi na wagonjwa, hawakuwa waokoaji, hivyo mjadala haujafungwa. Lakini onyo linatosha: usimlazimishe mtu kusimulia maiti aliyoibeba saa mbili zilizopita.

Mbadala wake hatuhitaji kuuagiza nje. Msibani kwetu watu hufika bila kuitwa. Wanakaa kwenye mkeka, mwingine anawasha moto, mwingine anateka maji, mwingine anachukua watoto. Hakuna anayemhoji mfiwa. Akitaka kusema, husikilizwa, akinyamaza, hunyamaziwa. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani na wenzake walipotoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, walieleza kazi hiyo kwa mambo matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Bibi yeyote wa pwani au wa bara aliyewahi kukaa matanga angeutambua mwongozo huo. Basi, askari wako wakitoka kwenye kifusi kama kile cha jengo lililoporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, Novemba 2024, ambako kazi iliendelea kwa siku kadhaa, maswali yako ya kwanza yawe madogo: Umekula? Umepiga simu nyumbani? Nani anakurudisha? Hakikisha kuna maji ya kuoga na nguo za kubadilisha kabla hajapanda daladala na vumbi la kifusi kwenye nywele. Mpe usafiri. Umwambie kesho aingie saa ngapi, na iwe saa ya kuchelewa kuliko kawaida. Baada ya siku tatu mtafute peke yake, na baada ya wiki tatu tena. Akiwa bado halali, anaruka kwa kila mlio, au amehamia baa, hapo sasa ni kazi ya mtaalamu, nawe umsindikize hadi mlangoni.

Tusiwasahau waokoaji wasio na sare. Ndege ya abiria ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, wavuvi walifika mapema kwa mitumbwi; mmoja wao, Majaliwa Jackson, baadaye aliingizwa katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Watu 19 walifariki siku hiyo. Kiongozi wa uokoaji mwenye busara huandika majina ya wavuvi na bodaboda waliosaidia, na huwarudia pia.

Pingamizi lililo zito kuliko yote katika mila za majeshi ni hili: askari ni chuma, ukianza kumuuliza kama amelala vizuri umeua nidhamu. Nalijibu kwa uzito kwa sababu wanaolisema wanaipenda kazi yao. Nidhamu ni kufanya sahihi hata unapoogopa, na akili iliyokesha au iliyozama kwenye sonona haiwezi kufanya sahihi hata ikitaka. Bunduki nayo ni chuma, na bado husafishwa na kupakwa mafuta kila inaporudi ghalani, wala hakuna anayesema imedekezwa. Tena ukali una bei. Desemba 2021, Kabete jijini Nairobi, konstebo alimuua mkewe na watu wengine watano kwa bunduki ya kazi, kisha akajiua. Nini kilikuwa moyoni mwake hatutakijua, na sitamlaumu yeyote kwa kutokiona. Lakini tukio kama hilo linamdai kila mkuu ajiulize: kama mmoja wa watu wangu angekuwa anaelekea huko, angethubutu kuniambia?

Mara nyingi jibu ni hapana, na hofu yake ina msingi. Nchini Tanzania kujaribu kujiua bado ni kosa katika Kanuni ya Adhabu. Nchini Kenya lilikuwa kosa hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya nchi hiyo kinakiuka Katiba. Fikiria askari ambaye kazi yake ni kuwakamata wenye kosa hilo, halafu fikra hizo hizo zinamjia usiku. Atamwambia nani? Ndipo wewe utakapohitajika kuahidi, na kutimiza, kwamba anayekuja kusema amelemewa hatapoteza cheo kwa kusema. Mwondoe kwa muda kwenye kazi za silaha, mpe mapokezi au ofisi ya usajili, na wenzake waone ni mgawo wa kawaida. Umbali kati ya mtu aliyelemewa na bunduki huokoa maisha: jeshi la Israel lilipoacha, mwaka 2006, kuwaruhusu askari kwenda na silaha nyumbani mwisho wa juma, kujiua kati ya askari wake vijana kulipungua kwa takriban asilimia 40. Na siri yake ibaki siri. Ikisikika kantini mara moja tu, hakuna mwingine atakayegonga mlango wako.

Raia naye ana swali lake, na ana haki nalo: kwa nini tuhangaike na usingizi wa polisi, wakati vijana waliuawa kwa risasi katika maandamano ya Kenya ya Juni 2024? Ninajibu kwamba kumtunza askari na kumwajibisha ni kazi mbili, na moja haifuti nyingine. Aliyeua bila haki ashtakiwe, awe alilala saa nane au hakulala kabisa, na aliyetoa amri vilevile. Lakini anayetaka polisi wasiopiga raia ana kila sababu ya kutaka pia polisi waliopumzika, wenye mkubwa anayejua kumrudisha kambini askari aliyekwisha kupandwa na hasira kabla hajafika barabarani.

Neno la mwisho ni kwako mwenyewe, afande. Askari hawafuati waraka, wanafuata unachofanya. Ukijisifu kwamba hujachukua likizo kwa miaka minne, umewafundisha kuona aibu kuomba yao. Chukua likizo, na uwaambie unakwenda. Pima shinikizo la damu siku moja nao, mkiwa mstari mmoja. Na rosta ya wiki ijayo, kama bado haijabandikwa, kaa nayo leo jioni ukiwa na orodha ya mahakama pembeni, upitie jina moja baada ya jingine, na kila uliyempangia lindo la usiku uhakikishe kesho yake asubuhi ana kitanda, hana kesi.